Punda wangu hutibiwa bure, mie nimetoa 52,400

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote.

Hapa Lamu tangu 1987 kuna kliniki ya punda, wenyeji twaijua sote. Punda akichubuka mgongo unampeleka, na hata asipoumwa unampeleka, anatazamwa meno, anatazamwa kwato, anapewa dawa ya minyoo, unarudi naye nyumbani na hujatoa hata shilingi. Nimebeba mchanga na mawe kwa punda tangu ujana wangu na sijawahi kulipia matibabu ya hata mmoja. Nimeanza na hili ili mtu akisoma yanayofuata ajue nalinganisha na nini.

Kakangu alifariki ana miaka 48. Alikuwa akienda choo anatoka damu, kila mtu akamwambia bawasiri, mie mwenyewe nikamwambia bawasiri, akanywa miti shamba, akasomewa, akaacha pilipili, mwaka ukapita na zaidi, na alipofikishwa Mombasa wakasema kansa ya utumbo mpana na ishafika kwenye ini. Tukachanga, tukauza shamba letu la kule Hindi, tukazika. Ken Okoth yule mbunge wa Kibra alofariki Julai 2019 alikuwa na hiyohiyo, miaka 41, na yule ni mbunge, mie mbeba mchanga nna nini.

Basi daktari akatwambia ndugu wa tumbo moja tupimwe sote, kuanzia miaka 40 au miaka 10 kabla ya umri alogunduliwa mwenzetu, itakayotangulia, manake kansa hii huanza kama kijinyama kidogo kimeota ndani ya utumbo, hukaa kama miaka 10 hivi kabla hakijaharibika, na kikionekana mapema hukatwa papo hapo yakaisha. Mie nna 51. Nimekaa miaka mitatu nasingizia kazi, ukweli ni haya tu, yani kamera ipitishwe kwa nyuma mpaka utumboni, mwanamme mzima wa Langoni, nitaanzaje hata kumhadithia mke wangu.

Mwezi uliopita nikajikaza. Nikauza punda mmoja, nikamchukua mwanangu kwa sababu spitali wanataka uje na mtu, tukavuka Mokowe tukapanda basi la Malindi. Siku hiyo ya kuamkia kipimo huli kitu, unakunywa vya majimaji tu, chai ya rangi, maji ya dafu, na chochote chekundu usiguse kisije kikadhaniwa damu. Basi likasimama Witu watu wakashuka wakarudi na viazi karai na mishikaki, jirani yangu kwenye kiti akanikaribisha mara mbili, nikamwambia nimefunga, Mungu anisamehe.

Sasa dawa ya kusafisha utumbo. Ni unga wa kuchanganya na maji lita 4, nusu unainywa jioni nusu alfajiri, ladha yake ni kama maji ya bahari yalokamuliwa ndimu. Lita ya kwanza niliimaliza kwa ubishi. Ya pili ilipofika katikati tumbo likaanza kunguruma kama injini ya boti inayokataa kuwaka, halafu ikawaka. Na maji ya lodji tulofikia Malindi yalikuwa yamekatika tangu jana yake. Kuna choo kimoja cha vyumba vinne na ndoo moja. Kijana wa pale akawa ananichotea kwenye tangi la chini, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tano, mwisho akabisha mlango kwa adabu, "Mzee samahani, waendesha? Manake kama ni kipindupindu itabidi nimwambie bosi." Nikamwambia yule kijana hii si maradhi, hii ni dawa nimeinunua, 3,000. Hakuniamini mpaka nilipomwonesha karatasi ya daktari, na karatasi yenyewe imeandikwa Kizungu kitupu, tukaisoma sote wawili pale mlangoni mie nimeshika suruali.

Asubuhi nikafika spitali, ya binafsi, jina silitaji. Dirishani nikatoa kadi ya bima, dada akaniuliza, "Unaumwa nini?" Nikasema siumwi, nimekuja kupimwa kwa sababu ya kakangu. Akanirudishia kadi, "Kama huumwi hiyo ni cheki-apu, ni kesh." 34,000, na sindano ya usingizi ni 8,000 juu yake. Nikaangaliana na mwanangu. Nikasema usingizi nina wangu wa kutosha, nitafanyiwa hivihivi.

Nisikufiche mhariri, yule alosema haiumi hajafanyiwa macho makavu. Ule mpira wenyewe si tatizo sana, tatizo ni hewa wanayoipuliza ili utumbo ufunguke, na pale unapokata kona, kuna kona mbili tatu huko ndani, kila akifika kona nilikuwa nashika chuma cha kitanda na kumsoma kila nabii ninayemjua. Nesi mmoja mtu mzima, Mungu amlipe, akawa ananikanda tumbo kwa kiganja na kuniambia pumua baba, pumua, tumefika nusu. Na nimevalishwa joho limekatwa nyuma lina kamba moja na kamba yenyewe imekatika. Nikawa naangalia tivii, utumbo wangu huo, wa waridi, unang'aa kama ndani ya samaki changu ukimpasua sasa hivi katoka majini. Halafu daktari akasimama. Vijinyama viwili, kimoja kama punje ya mtama, chengine kama kunde. Akavitia kitanzi cha waya akavikata, sikusikia hata kidogo, hapo ndo hapaumi.

Baada ya siku 10 nikapigiwa simu. Si kansa, lakini ni vile ambavyo vingeweza kuja kuwa. Nirudi baada ya miaka 5. Alhamdulillahi, nilikaa chini barazani hapohapo na simu mkononi.

Sasa hesabu. Boti 600 kwenda na kurudi watu wawili, basi 4,800, lodji siku mbili 3,000, dawa ile 3,000, kipimo 34,000, kupeleka vinyama maabara 7,000. Jumla 52,400 na chakula cha mwanangu sijatia, changu hakikuwepo. Na tulipotolewa bima ya afya ya zamani, NHIF, tukatiwa hii mpya ya SHA Oktoba 2024 tuliambiwa sie wenye kazi za mkono tulipe 2.75% ya mapato, tena ya mwaka mzima kwa mpigo, nimelipa. Kakangu alipokuwa hafai tena kadi yake ilikuwa inapokelewa. Mie mzima nikaambiwa kesh.

Na msinambie kuzuia ni ghali lazima. Mke wangu amepimwa mlango wa kizazi hapa kisiwani, nesi kampaka siki, siki hii ya kachumbari, akatazama kama pamegeuka rangi nyeupe, dakika chache, bure, ingawa kile chuma wanachofungulia anasema hataki kukisikia tena. Hata utumbo una kipimo chake cha rahisi, unapeleka choo kidogo kwenye kikopo kinatafutwa damu isiyoonekana kwa macho, atakayekutwa nayo ndo apande basi la Malindi. Naomba kaunti itie kipimo hicho kwenye zahanati na spitali zetu, Faza, Kizingitini, Witu, na bima ilipe kamera kwa wenye ndugu walokufa nayo. Na karatasi za maelezo ziandikwe Kiswahili, hili halina hata gharama.

Juzi baada ya isha tuko kwenye kahawa, kuna mwenzetu, jina namsitiri, akaninong'oneza kwamba yeye pia anaona damu, miezi minne sasa, lakini ni bawasiri. Nikamwambia kila kitu, hata la kamba kukatika, akacheka mpaka akamwaga kahawa. Akaniuliza ni pesa ngapi. Nikamwambia.

Akaomba kikombe chengine, akaanza kuuliza habari za bei ya simsim.

Mwenye punda mmoja,
Langoni, Lamu.