Asante nesi wa zamu ya usiku

Dada nesi, jina lako sikuuliza maana nilichanganyikiwa, ila asante sana. Mtoto alishachomwa mara nne mishipa inapasuka tu, mwishowe kanula (kale kamrija ka kupitishia dripu mshipani) ikakaa mkononi nikajua yameisha, kumbe usiku analia mi nadhani njaa, wewe ukaja ukafunua bandeji ukagusa, mkono umevimba, wa baridi, ngozi imekaza, ukafunga dripu hapohapo ukasema maji yanaingia kwenye nyama siyo kwenye mshipa. Ukaitoa, mkono ukauinua juu ya mto, ukaweka nyingine mguuni, mara moja tu! Na wala hukunigombeza (mi ndo nilikuwa nimeufunika na blanketi, nani angeona). Kesho yake uvimbe ulishaanza kushuka.