Barua kwa somo yangu anayesema amechelewa

Dar es Salaam

Somo yangu mpenzi,

Barua yako imenifika jana jioni, nikaisoma nywele zikiwa bado mbichi kutoka bwawani. Alhamdulillahi mtoto amepona malaria, na salamu za mama nimezipokea kwa mikono miwili. Ila ile sehemu ya mwisho, uliyoiandika kwa herufi ndogo kana kwamba hutaki niione, ndiyo iliyoninyima usingizi. Unasema watoto wa miaka tisa wanakupita bwawani mpaka unaona haya kuvua kanga yako ukingoni. Unasema miezi sita imetosha, unataka kuacha, kwa sababu "sisi tumeshachelewa, somo."

Nani amekwambia tumechelewa?

Kumbuka tulikotoka. Tumekulia Tanga, na kutoka kwetu mpaka pwani ya Raskazone ni mwendo wa kumaliza andazi moja. Wavulana wakijirusha majini, mimi na wewe tunabaki mchangani kulinda mashati yao. Hakuna aliyetuchukia. Bahari ilishawachukua watu wa mtaa wetu, na msichana kurudi nyumbani nguo zimemganda mwilini ilikuwa ni aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo nilifika miaka 31, mtoto wa pwani, sijui hata kuelea. Wewe umeanza na 33. Umri wa kuanza umetutofautiana kwa miaka miwili tu.

Na mimi niliambiwa maneno hayo hayo. Mwalimu wangu wa kwanza, hapa hapa Dar, alinitazama akasema mashindano ni kazi ya kuanza na miaka saba, mimi nifanye mazoezi ya afya. Hakusema kwa ubaya, na nikamwamini mwaka mzima. Mwaka ule naulilia mpaka leo.

Unamkumbuka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta? Mwaka 2000, Olimpiki ya Sydney. Alikuwa na miaka 22, na kuogelea alianza miezi minane tu kabla, kwenye kibwawa cha hoteli. Bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza alipofika huko. Wenzake wawili katika mchujo wake walitolewa kwa kuruka kabla ya ishara, akaogelea mita 100 peke yake, dunia nzima inamtazama. Alimaliza kwa dakika 1:52.72, wakati bingwa wa mashindano yale, Pieter van den Hoogenband wa Uholanzi, alishinda kwa sekunde 48.30. Ukiitazama ile mbio leo utaona nusu ya kwanza anakwenda, nusu ya pili mikono inakataa kabisa kutoka majini. Watu walibaki na picha hiyo. Lakini mwenzangu, Moussambani hakuacha! Miaka iliyofuata aliushusha muda wake mpaka chini ya sekunde 57. Alikuwa tayari kwa Athens 2004, mambo ya visa yakamzuia, na mwaka 2012 akawa kocha wa timu ya nchi yake. Kutoka karibu dakika mbili mpaka chini ya sekunde 57, mtu aliyeanza akiwa na ndevu zake. Mimi hiyo ndiyo hadithi ninayoishika, na inaniuma kwamba wengi hawaijui.

Sitakudanganya. Medali ya Olimpiki ya mita 100 hatuipati, wewe wala mimi. Wanaoichukua wamelelewa majini tangu utotoni. Lakini kuna mashindano ya masta, ambayo shirikisho la kuogelea la dunia huyafanya kuanzia umri wa miaka 25, na mnapangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano: 25 hadi 29, 30 hadi 34, hivyo hivyo mpaka watu wa miaka 100. Na viwango vyake ni viwango kweli, wala usidhani ni bonanza la wazee. Yupo Mjapani mmoja, Mieko Nagaoka. Alikuwa mchezaji wa Noh, ile michezo yao ya jukwaani ya zamani, magoti yakamsumbua, akaingia bwawani kuyatibu akiwa ameshapita miaka 80. Mwaka 2015, ana miaka 100, aliogelea mita 1500 kwenye bwawa la mita 25 kwa saa 1, dakika 15 na sekunde 54. Mbio zote alikwenda kwa mgongo. Hakuna mtu wa umri wake aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Sasa wewe wa miaka 33 uniandikie habari za kuchelewa?

Tuje kwenye maji yenyewe, maana nadhani huko ndiko unakokwama. Unasema unajitahidi mpaka moyo unataka kutoka, na bado hawa watoto wanakupita. Naam, kwa sababu unajitahidi. Maji ni mazito kuliko hewa takribani mara 800, na ukiongeza mwendo mara mbili, yanakuzuia kama mara nne. Nguvu peke yake haiwezi kushinda hesabu hiyo. Kinachomwendesha mtoto ni kwamba amelala juu ya maji kama ubao, na wewe, ninavyokuona kwa maelezo yako, unaogelea umeinamisha miguu chini kama mtu anayepanda ngazi.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo, na kisa chake kilikuwa pumzi. Nilikuwa naibana. Kifua kimejaa hewa kinaelea kama boya, miguu inazama, na kila nikitaka kuvuta hewa nainua kichwa chote, miguu inazidi kwenda chini. Kocha niliye naye sasa aliniondoa kwenye leni wiki nzima. Alinisimamisha kwenye kina kifupi, nimeshika ukingo, uso ndani ya maji, akaniambia, "Nipe mapovu tu, dada." Nikawa natoa hewa puani polepole, mapovu yanapanda mashavuni, yananitekenya masikioni. Siku ya nne niligundua sikuwa na hofu tena. Kisha akaniweka kiganja kisogoni, akasema nitazame vigae vya chini, nisitazame mbele, na nikitaka hewa nigeuze uso pembeni, sikio moja libaki majini. Nikajisukuma kutoka ukutani. Somo, nilihisi visigino vyangu vimeguswa na hewa. Mwaka mmoja nilikuwa naogelea na sikuwahi kuhisi hewa visiginoni! Niliposimama nilikuwa nalia, na miwani ilinisitiri.

Toka siku ile nilianza kuhesabu mikono, yaani mara ninazopiga mkono majini mpaka ng'ambo. Mita 25 nilikuwa naivuka kwa mikono 34, leo ni 19. Wewe hesabu zako, ziandike. Muda utashuka wenyewe mikono ikipungua.

Ninayo daftari, kurasa zake zimevimba kwa unyevu. Mita 50 za kwanza, mtindo huru: 1:38, nikisimama katikati. Mwaka wa pili, sekunde 52. Mwaka wa nne, 38. Nilipofika hapo nilipata tamaa, nikanunua vile vibao vya kuvaa mikononi, nikavitumia kila siku bila kumwambia kocha. Bega la kulia likawaka moto, nikakaa miezi mitano bila kuinua hata sufuria. Mtu mzima misuli yake inapata nguvu upesi kuliko kano za bega, hapo ndipo tunapoumia. Usiguse vibao hivyo mwaka wa kwanza wala wa pili. Badala yake kila usiku kalia visigino vyako, vidole vimelala nyuma, dakika mbili tu, mpaka vifundo vya miguu vilainike. Sisi tuliotembea na kusimama miaka yote hii vifundo vyetu vimekakamaa, ndiyo maana ukipiga miguu hauendi.

Sasa ni siku nne kwa wiki, mita 2500 mpaka 3000. Siku ninayoiogopa ni ya mita 100 mara kumi, kila moja ikianza dakika mbili baada ya iliyotangulia kuanza. Ya saba ndipo mtu anapojijua.

Februari 2024 nilikwenda Doha, kwenye masta ya dunia, baada ya kuweka akiba miaka mitatu. Mita 50 nilizimaliza kwa 32.4 na mita 100 kwa 1:11.8. Wanaochukua medali katika kundi langu wako mbele yangu kwa mbali, na nimerudi najua ni mbali kiasi gani, sekunde kwa sekunde. Nataka kuwafikia. Nina miaka 41 na nataka, wala sioni haya kukuandikia hivyo. Nilipokuwa nasubiri zamu yangu, nilimwona bibi aliyeshikwa mkono kupanda kwenye kiunzi cha kurukia. Mkono ulipomwachia aliinama, akakunja vidole vya miguu ukingoni, na ishara ilipolia aliruka. Mgongo ulinyooka wote. Nilikutafuta pembeni yangu nikuonyeshe.

Wewe maji umeshayavulia nguo, somo. Kanga iache ukingoni, watoto wapite. Nimekutumia miwani kwa basi la Mwanza linalotoka kesho alfajiri, ni ile ya mpira laini, haiachi alama machoni. Ukiipata, wiki moja ya mapovu kwanza. Halafu mwombe mtu akupimie mita 50 moja, uniandikie muda wako na idadi ya mikono. Hata ikiwa dakika mbili niandikie, nataka kuziweka kwenye daftari langu, ukurasa unaotazamana na wa kwangu wa kwanza.

Mbusu mtoto. Mwambie mama nitakuja Idi, na nitakuja na nguo ya kuogelea.

Ni mimi somo yako