Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kuusoma Ufa

Ndugu wanachama,

Ada na mahudhurio yamo kwenye taarifa za mhazini na katibu, sitayarudia. Nataka kuzungumzia jambo lililotuchukulia muda kuliko yote mwaka huu: nyufa za uchovu, yaani zile zinazokua kidogo kidogo mzigo unapopanda na kushuka mara nyingi, kwenye viungo tulivyochomelea kwa mikono yetu.

Mnakikumbuka kile kipande nilichokileta mkutanoni, mkono wa kuvutia tela uliokatikia njiani. Kazi ile ilikuwa yangu. Ulipopasuka mara ya kwanza nilipitisha mshono juu ya ufa, nikabandika bamba nene, nikamwachia dereva aondoke. Ulipokatika mara ya pili, namshukuru Mungu hakuumia mtu. Tulipouosha kwa mafuta ya taa mliona wenyewe: mistari myembamba iliyopinda, kama ile ambayo maji huiacha mchangani yanapokupwa, yote ikizunguka nukta moja ndani, chini kabisa ya mshono, pale ambapo chuma hakikuyeyuka kikashikana. Bamba langu liliuficha ufa, nao ukaendelea kula chuma gizani.

Wengi mliuliza: ufa usioonekana utajuaje kasi yake? Hesabu ipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Paul Paris na wenzake walionyesha kwamba hatua ambayo ufa unapiga kwa kila mpando na mshuko wa mzigo hufuata kanuni. Kwa vyuma vyetu vya kawaida, kasi hupanda kwa kipeo cha tatu cha mkazo. Mzigo ukizidi kwa robo tu, ufa unakwenda karibu mara mbili. Tena, kwa hesabu rahisi, ufa unaotoka milimita 1 hadi 10 hutumia karibu robo tatu ya umri wake kabla haujafika milimita 4. Hapo ndipo penye hatari: kwa muda mrefu ufa ni mdogo na umejificha, na ukija kuonekana kwa macho, siku zilizobaki ni chache. Kununua chuma kigumu zaidi hakutuokoi, maana kasoro ya mshono inabaki palepale, pamoja na mvutano unaobaki ndani chuma kinapopoa na kusinyaa.

Msidhani haya ni ya karakana ndogo tu. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980, Alexander L. Kielland, jukwaa la baharini walimolala wafanyakazi wa mafuta, lilipinduka katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Watu 123 kati ya 212 walikufa. Uchunguzi uliufuata ufa hadi kwenye mshono wa milimita 6 ulioshikiza kishikilio cha kifaa cha kusikilizia sauti majini, kitu ambacho fundi angekiona kidogo. Ndani ya ufa ilikutwa rangi, maana yake ulikuwapo tangu jukwaa linajengwa, likapakwa rangi juu yake. Habari hiyo hunirudia kila ninapomwona kijana anapaka rangi mshono ambao hajaukagua.

Kwa hiyo kamati inaomba mambo mawili. Kwanza, kila karakana iwe na daftari la viungo vinavyobeba mzigo: tarehe, unene wa chuma, mzigo unaotarajiwa, na siku ya kurudi kukaguliwa. Siku hiyo itoke kwenye hesabu, isizidi nusu ya muda ambao ufa mdogo tunaoweza kuugundua ungehitaji hadi kukata kiungo. Atakayekwama kwenye hesabu aje kwangu Jumamosi, tutaifanya pamoja.

Pili, tuchangie mashine ya kupimia kwa mawimbi ya sauti. Dawa nyekundu tuliyoizoea, ile tunayoipaka juu ya chuma ili iingie kwenye ufa na kuuonyesha, ni nzuri, lakini huonyesha ufa uliofika juu tu. Ule wa kwenye mkono wa tela isingeuona. Mhazini ameandaa mchanganuo wa mchango wa kila mwanachama, na kura tutaipiga kabla ya kufunga mkutano.