Wazazi wenye watoto wadogo, Pasaka haiishi Jumapili

Wanangu,

Nawaandikia nyie wenye watoto ambao bado wanalia wakivalishwa sweta, nyie mnaorudi kazini jioni mkiwa hoi halafu ndo mnakumbuka kwamba Pasaka hiyo imefika na hamjagusa kitu. Nimewasikia wiki hizi. Mmoja wenu aliniambia bibi, mwaka huu natamani ipite tu. Ipite tu! Neno hilo limenikaa rohoni siku tatu, maana hii ndio sikukuu kubwa kuliko zote tulizonazo Wakristo, na mama wa mtoto wa miaka miwili anaiombea ipite kama homa.

Ngoja niwasimulie yangu. Nilikuwa na watoto watatu wadogo, wa mwisho bado ananyonya, na Jumamosi Kuu hiyo saa saba za usiku nilikuwa bado nashona vifungo vya gauni, vyombo vimejaa, sijala tangu mchana. Asubuhi yule wa kati akaja mbio kunionesha kwamba kavaa viatu mwenyewe, na kweli kavaa, ila cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, na mimi badala ya kumpongeza nikamgombeza mpaka kidevu kikaanza kumcheza. Tukaenda kanisani tumependeza. Jioni namwogesha akaniuliza, mama, Pasaka inaisha lini? Nikamwambia kwani umechoka kusherehekea? Akasema hapana, nataka uache kukasirika. Leo huyo ni mtu mzima ana watoto wake, na hakumbuki hata kidogo. Mimi nakumbuka mpaka rangi ya beseni.

Kwa hiyo mimi nawaomba jambo moja: punguzeni mapema, kabla hamjaanza, sio mkishachoka. Wengi mnapunguza Jumamosi jioni pale nguvu zinapokata, na ukipunguza kwa uchovu unapunguza vitu visivyofaa kupunguzwa, kwanza subira inakatika, kisha usingizi, kisha sala, ila kitambaa cha meza na gauni jipya vinabaki palepale. Kaeni chini Jumapili ya Matawi, baba na mama, hata dakika kumi watoto wakishalala, kila mmoja ataje kitu kimoja ambacho Pasaka bila hicho kwake sio Pasaka. Viwili hivyo mvishike. Vingine vyote vikipatikana sawa, visipopatikana basi.

Na jamani mkumbuke Pasaka sio kama Krismasi ambayo tarehe yake haihami. Inafuata mwezi mpevu, haiji kabla ya 22 Machi wala haivuki 25 Aprili, sasa tazameni, 2024 ilikuwa 31 Machi, 2025 ikaruka mpaka 20 Aprili, 2026 ni 5 Aprili, 2027 inarudi tena 28 Machi. Ndo maana inawakuta hamjajiandaa, sio kwamba nyie ni wazembe. Iandikeni kwenye simu mwaka ukianza tu, na muombe ruhusa kazini mapema.

Kingine ambacho watu wamekisahau kabisa: kwa kanisa Pasaka ni siku 50, kuanzia Jumapili hiyo mpaka Pentekoste. Hamsini! Kwaresima tunaihesabu siku 40 bila kukosea, halafu furaha yenyewe tunataka iishe kwa mlo mmoja wa mchana. Huu sio ujanja wa kukwepa kazi, ndivyo ilivyo. Kama wageni hawakuja Jumapili waje wiki inayofuata. Kama wewe ni nesi, mlinzi, dereva, umepangiwa zamu siku yenyewe, usijione umewanyima watoto kitu, chagueni siku nyingine ndani ya hizo hamsini muwashe mshumaa, mle pamoja, msome habari ya kaburi tupu, na mtoto wa miaka minne hatakudai tarehe.

Alhamisi Kuu mimi ningeipa nafasi kubwa kuliko mnavyoipa, maana haina gharama wala maandalizi. Beseni moja, maji ya uvuguvugu, taulo. Waambieni Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu, halafu osheni miguu ya watoto, polepole, kidole kwa kidole, kisha wao wawaoshe nyie. Nimeona mjukuu wangu wa miaka mitatu akimwosha baba yake, amekaza macho, ulimi umetoka nje kidogo kwa bidii, maji yametapakaa sakafu nzima, na yule baba aliyezoea kushika simu saa zote aliiweka chini bila kuambiwa. Maji mtapangusa. Halafu ndo mmeshawaogesha hivyo, walale.

Ijumaa Kuu msiwalazimishe watoto kufunga. Hata kwa Wakatoliki sheria ya kufunga inaanza mtu akifika miaka 18, na kuacha nyama ni kuanzia 14, sasa huyu wa miaka mitano mnamshindisha njaa ya nini, atalia kutwa na nyie mtakosa utulivu mliokuwa mnautafuta. Habari ya msalaba waambieni kwa maneno machache na ya kweli, kwamba Yesu alikufa, watu waliompenda walilia sana, na siku ya tatu alifufuka. Msimwache mtoto mdogo aende kulala na kifo peke yake bila kumwambia Jumapili inakuja.

Jumamosi ndo inayowamaliza. Mkesha ni mzuri sana, naupenda kuliko ibada zote za mwaka, ule moto, giza, mishumaa inavyowaka mmoja baada ya mwingine. Ila ni mrefu, una masomo mpaka tisa, na mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji usingizi wa jumla ya saa 10 mpaka 13 kwa siku ukijumlisha na usingizi wa mchana. Mkitaka kwenda naye, alale mchana, mbebeeni shuka, kaeni karibu na mlango, akisinzia mwacheni asinzie. Mkiona hamuwezi, mmoja aende mkesha mwingine abaki, asubuhi mbadilishane, au wote mwende ibada ya asubuhi. Hakuna atakayewahesabia dhambi kwa kumlaza mtoto.

Chakula, sitasema mengi. Kipikwe kimoja cha maana, kile ambacho kinaweza kuandaliwa jana yake, na mgeni akiuliza alete nini msimjibu aje mikono mitupu, mwambieni alete kitu fulani, atafurahi. Ila hapa niwe mkali kidogo: siku ya wageni vitu vinazagaa kwenye meza fupi, na karanga nzima au pipi ngumu za mviringo mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe, humkwama kooni. Zabibu mkateni vipande vinne kwa urefu. Na apangwe mtu mzima mmoja kwa jina wa kuwaangalia watoto, wapokezane, maana tukisema wote tunaangalia hakuna anayeangalia.

Akina baba, wanangu, nawapenda ila sikilizeni. Msiulize nikusaidie nini. Nyumba ni yako, watoto ni wako, chukua kazi moja nzima tangu mwanzo mpaka mwisho, mfano nguo za watoto, ujue ziko wapi, zimefuliwa au bado, soksi ya pili iko wapi, na mke wako asikumbushe hata mara moja. Kazi ya kukumbuka nayo inachosha, tena sana.

Na watoto wenyewe wapeni kazi. Wa miaka mitatu anaweza kupanga vijiko, wa miaka mitano anaweza kupokea wageni mlangoni. Vijiko vitapinda, viacheni hivyohivyo.

Jumatatu ya Pasaka msiende popote. Laleni, mle kilichobaki, watoto washinde na nguo za kulalia.

Sasa leo usiku kabla hamjalala, naomba kitu kidogo tu. Toeni vile viatu vya ibada mmjaribishe mtoto, maana miguu yao inakua wiki kwa wiki, na mkigundua Jumapili asubuhi havimwingii mtaanza kelele. Akitaka kuvivaa mwenyewe mwacheni. Akivaa kinyume, mpigieni makofi kwanza, halafu ndo mvibadilishe.

Ni mimi bibi yenu, nawaombea.