Randa za vyuo vyetu zisiende skrapu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nitaandika refu kidogo lakini hii kitu imenikaa rohoni toka mwezi uliopita na haijatoka. Mimi ni seremala hapa Walukuba, Jinja, nimeshika randa miaka thelathini na kitu, na nataka kuongea juu ya hiyo hiyo randa ya mkono ambayo vijana siku hizi wanaiona ni kitu ya mababu.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Mtoto wa dada yangu amemaliza miaka miwili ya useremala kwenye chuo kimoja cha ufundi huku mashariki, jina la chuo naliacha, akaja karakanani kwangu kuzoea kazi. Siku ya kwanza nikampa ubao wa mvule na randa nikamwambia haya mwanangu, nyoosha. Akaigeuza mkononi, akaangalia juu, akaangalia chini, akaniuliza, "Mjomba, makali yake yanakaa upande gani?" Mhariri, nilisikia uchungu kabisa, manake huyo mtoto si mjinga, hesabu anajua, mashine anaendesha vizuri kuliko mimi, ni vile tu hakuna mtu aliyewahi kumwekea randa mkononi. Akaniambia chuoni randa zilikuwa zimefungiwa stoo, alafu siku moja likaja gari la skrapu, zikapimwa kwa kilo, zikaenda. Na mimi nikakumbuka mbili zangu nilizipata kwa muuza skrapu hapa hapa town, namba 5 zile za chuma za zamani, elfu kumi na tano zote mbili. Zilikuwa na kutu ya juu juu tu, chuma chenyewe hakina shida, moja nnaitumia mpaka leo.

Najua watu wa vyuo watasema mashine ipo, sa randa ya nini. Hapo ndo nataka niwapeleke Japani kidogo, nchi ambayo haina shida ya mashine hata siku moja, wao ndo wanatuuzia.

Zamani nikiwa bado nafundishwa na mzee wangu, fundi aliyetoka kazi za reli, alipita pale karakanani Mjapani mmoja wa kujitolea, kijana tu, naye seremala. Kwenye mfuko wake alikuwa na randa ambayo sisi tulidhani ni kipande cha kuni. Gogo tu la mti mgumu, halina mshikio, halina skrubu hata moja, kisu kimechomekwa kwa mshazari basi. Wao wanaiita kanna. Akachukua nyundo ndogo akagonga kisu kichwani mara moja, taratibu, akainua randa usawa wa jicho akachungulia chini yake kwenye mwanga wa mlango, akagonga gogo kwa nyuma kisu kikarudi kidogo, akachungulia tena. Alikaa hivo dakika kadhaa na sisi tumesimama tunangoja. Alafu akaiweka juu ya ubao wa podo, ule wengine huita musenene, na badala ya kusukuma kama sisi, akavuta. Anarudi kinyumenyume hatua kwa hatua, mikono haijikunji, anayevuta ni kiuno na miguu. Ikatoka randa moja nzima, yaani ule utepe mwembamba wa mbao unaokatwa na kisu, toka mwanzo wa ubao mpaka mwisho, haijakatika, inaelea hewani kama kitambaa cha bibi harusi. Mzee wangu aliichukua akailaza juu ya gazeti akasoma habari iliyokuwa chini yake, kwa sauti, neno kwa neno. Hakusema kitu ingine siku ile. Kesho yake asubuhi nilimkuta ananoa visu vyote vya karakana upya.

Kabla hajaondoka yule kijana alitufanyia jambo moja ambalo mpaka leo nawafanyia wateja wangu. Alichukua vipande viwili vya ubao ule ule, kimoja akakipiga msasa mpaka kikalainika, kingine akakipiga randa tu, akadondosha maji juu ya vyote. Kwenye msasa maji yalitambaa yakanywewa, mbao ikawa nyeusi, ukipitisha kidole unasikia nyuzi zimesimama. Kwenye randa tone lilibaki limekaa duara kama umande juu ya jani la majimbi, ukiinamisha linaviringika.

Sababu yake si uchawi. Mbao ukiiangalia kwa karibu ni mirija mingi midogo imelala pamoja. Msasa unakwaruza ile mirija, unaichana, unaacha vinyuzi vimening'inia na vumbi limeziba matundu, ndo maana hata rangi ya mbao inafifia. Kisu kikali kinaikata safi na kupita. Na mashine ya randa nayo kisu chake kinazunguka, kila kikipita kinachota kidogo, kinachota kidogo, ubao ukitoka ushike uuelekeze dirishani utaona mawimbi madogo madogo kama mchanga wa ukingoni mwa ziwa. Sa kuyaficha yale mawimbi unapiga msasa, tunarudi pale pale.

Ndo maana wale maseremala wa Kijapani nyumba zao za jadi nguzo wanaziacha bila rangi bila vanishi. Ile randa ya mwisho ndo finishi yenyewe. Wanatumia sana mti unaitwa hinoki, una harufu nzuri, na ukipigwa randa vizuri unang'aa wenyewe bila kupakwa kitu. Pale Nara kuna hekalu la Horyuji, majengo yake ya mbao ni ya zamani kuliko yote yanayojulikana duniani, zaidi ya miaka 1300 na bado yamesimama. Enzi hizo hata hii kanna ya gogo walikuwa hawajaipata, walitumia randa yenye mpini mrefu kama mkuki, yari-kanna, inaacha alama za mabondebonde ukipitisha kiganja unazisikia. Ilikuwa imeachwa kwa karne nyingi mpaka fundi mkuu mmoja, Nishioka Tsunekazu, aliyezaliwa 1908 akafa 1995, akaifufua, kisha akaisimamia kazi ya kujenga upya hekalu la Yakushiji, mnara wake wa magharibi ulimalizika 1981. Mwanafunzi wake Ogawa Mitsuo akafungua karakana yake 1977, vijana wanaishi pamoja na fundi, wanakula pamoja, na kazi yao ya kwanza ni kunoa.

Nakaa kidogo hapo kwenye kunoa kwa sababu ndo roho ya hii barua. Kisu cha kanna ni vyuma viwili vimeunganishwa motoni, chuma kigumu chembamba upande wa makali na chuma laini mgongoni. Kile kigumu kinashika makali, kile laini kinakilinda kisivunjike na kinafanya kazi ya jiwe iwe nyepesi. Upande wa chini wamekichimba kidogo katikati ili jiwe liguse pembeni tu. Hata gogo lenyewe uso wake wa chini unaweza kudhani ni bapa lakini siyo, fundi anaukwangua mpaka uguse ubao sehemu mbili tatu tu, kwingine kuna nafasi ndogo hata karatasi itapita kwa shida. Na gogo ni mti, mvua ikija linavimba, jua likija linasinyaa, kwa hiyo kila mara unalirekebisha. Yaani ile randa haikubali uvivu. Ukiwa umenoa vibaya itakuambia pale pale mbele ya watu, ubao utachanika. Kijana aliyefundishwa na kitu kama hicho anajifunza kuangalia nyuzi zinaelekea wapi, fundo liko wapi, ubao ulikuwa umesimama vipi mtini, na hayo atayatumia hata akishika mashine ya milioni ngapi. Mashine haikuulizi nyuzi zinaenda wapi, inakula tu.

Huko kwao wana mpaka mashindano, watu wanakutana kuona nani atatoa randa nyembamba zaidi, na wanaoshinda wanafika chini ya mikroni 10 (mikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu), wakati unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Mtu atauliza faida yake nini, hakuna mteja anayenunua maranda. Mi naona faida, huwezi kutoa kitu chembamba hivo kama kisu, jiwe, gogo na mwili wako havijakubaliana vyote kwa wakati mmoja.

Sitaki kudanganya mtu, hata Japani mambo yamebadilika, mbao nyingi za nyumba zinakatwa kiwandani na mafundi wa zamani wanapungua. Lakini wao wameona hatari wakafanya kitu, mwaka 2020 UNESCO iliandika ufundi wao wa majengo ya mbao kwenye orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu, ule wa ujuzi na desturi. Na lile hekalu kuu la Ise wanalijenga upya kila baada ya miaka 20, desturi iliyoanza mwaka 690, mara ya mwisho 2013, kwa hiyo kila kizazi cha mafundi kinapata kujenga na kumfundisha anayefuata.

Na sisi Uganda hili tunalijua, tusijifanye wageni. Lubugo letu, nguo ya gome la mutuba, UNESCO ililitambua toka 2005, na kinachoitengeneza ni nyundo za mbao tu na mkono unaojua. Kasubi, pale kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, ilipoungua tarehe 16 Machi 2010 watu wote tulilia, na kuirudisha haikuwa habari ya pesa peke yake ingawa Japani nao walichangia, ilibidi watafutwe wanaojua kuezeka ile nyasi inavyotakiwa, wa ukoo wa Ngeye, kazi ambayo huwezi kuisoma kwenye kitabu usiku ukaifanya asubuhi. Ilichukua miaka mpaka 2023 ndo ikatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Sa kama nyasi zilitutesa hivo, siku tutahitaji mtu wa kurudisha milango na madirisha ya mvule ya yale majumba ya zamani hapa Jinja, tutampata wapi kama randa zote zimeyeyushwa kuwa nondo?

Maseremala wenzangu wa Ndeeba na Nsambya kule Kampala wataniambia mzee, mteja hana muda, anataka kitanda chake Ijumaa, na bei yake unaijua. Nawaelewa, nami nina mashine na nina watoto wa kulipia shule. Sisemi mtu apige randa mbao zote kwa mkono toka asubuhi. Mashine ifanye kazi ya punda, ipunguze unene, alafu mkono umalizie. Meza ya watu sita uso wake mi nnaumaliza kwa randa muda ule ule ambao jirani bado anabadilisha msasa, umeme ukikatika siendi nyumbani, na vanishi inaniingia kidogo manake uso umefunga. Alafu kuna hili la kifua ambalo hatuliongei. Vumbi la mbao limeshawekwa na wataalamu wa saratani wa dunia kwenye kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa hakika, na anayepiga msasa wa mvule anajua lile vumbi linavyowasha pua na macho hata kabla ya kusikia wataalamu. Randa haitoi vumbi, inatoa maranda, yanaanguka miguuni, jioni mama anayefuga kuku anakuja anajaza gunia zake na kila mtu analala anapumua vizuri.

Kwa hiyo ninachoomba ni kidogo. Wakuu wa vyuo vya ufundi, kabla ya kuita gari la skrapu fungueni stoo, hesabuni randa zilizomo, nunueni mawe ya kunolea, na mwanafunzi wa useremala muhula wa kwanza wote asiguse swichi. Kwenye mtihani wa vitendo apewe ubao uliopinda na randa ambayo haijanolewa, anoe mwenyewe, anyooshe mwenyewe. Na walimu ambao hawakufundishwa wasione aibu, wapo wazee mitaani wanajua, waiteni hata siku moja kwa wiki, wengi watakuja kwa nauli na chai.

Yule mpwa wangu sasa ana wiki ya tano. Mvule bado unamshinda, nyuzi zake zinageukageuka, lakini juzi kwenye podo alitoa randa moja urefu wa mkono wake, akaikunja akaitia mfukoni akaenda nayo nyumbani kumwonyesha mama yake. Jumamosi karakana yangu iko wazi kutwa nzima, iko nyuma ya soko la Walukuba, ulizia seremala utaelekezwa. Kijana yeyote mwenye randa aje nayo hata kama imeshika kutu, mawe ninayo, maji yapo.

Fundi seremala,
Walukuba, Jinja