Famasia Marekani: kinachohama ni krediti, si mwaka wa masomo

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo tuwasemeshe wanafunzi wanaotoka nchi nyingine na wanataka kuhamia shule za famasia za Marekani. Neno hilo "kuhamia" ndilo linalowapoteza wengi.

Aliyemaliza mwaka wa pili wa famasia kwao hudhani atapokelewa mwaka wa tatu. Sivyo. PharmD, yaani shahada ya udaktari wa famasia inayohitajika Marekani, kwa kawaida ni miaka minne ya taaluma yenyewe, nayo kwa kawaida hutanguliwa na angalau miaka miwili ya masomo ya msingi ya chuo kikuu. Karibu kila anayetoka nje huanza mwaka wa kwanza wa ile minne. Zinazohama ni krediti (vipimo vya uzito wa kila kozi) za masomo ya msingi: kemia ya jumla na kemia ogani pamoja na maabara zake, biolojia, anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kalkulasi, takwimu. Farmakolojia uliyoisoma kwenu, hata kama ulipata A, mara nyingi haikupunguzii hata muhula mmoja. Tena hata anayetoka shule moja ya PharmD kwenda nyingine humo humo Marekani hudaiwa barua ya mkuu wa shule anayoiacha, na bado anaweza kukataliwa kwa kuwa mitaala haifuatani.

Mwenye shahada ya famasia tayari ana njia ya mtihani wa FPGEE, unaopima usawa wa wahitimu wa famasia wa nje wanaotafuta leseni Marekani. Ila kwa waliohitimu kuanzia Januari 1, 2003, njia hiyo inataka shahada ya miaka mitano. Mwenye ya miaka minne asipoteze ada huko.

Sasa vyeti. Shule nyingi hupokea maombi kupitia PharmCAS, mfumo wa pamoja wa maombi mtandaoni, na matokeo ya nje kwa kawaida hutakiwa yafanyiwe tathmini, mara nyingi na WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje. Hapa ndipo pesa humwagika bure: mwombaji huchagua ripoti ya bei nafuu inayotaja shahada tu, kumbe shule inataka ile ya somo kwa somo, yenye krediti na alama za kila kozi. Analipa mara mbili, na dirisha linafungwa akisubiri. Nakala za matokeo zitumwe na chuo chenyewe. Bahasha iliyofunguliwa na mwombaji haina thamani. Na jina lililoko kwenye matokeo lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi.

Kikwazo kingine ni maabara. Vyuo vingi huandika alama moja kwa nadharia na vitendo, na msomaji wa Marekani akiona mstari mmoja huhesabu kwamba maabara haikufanyika. Dawa yake ni silabasi inayoonyesha saa za vitendo, yenye mhuri wa idara, iombwe kabla hujaondoka chuoni. Kuomba ukiwa mbali ni kazi ya miezi.

Matokeo ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza, huisha nguvu baada ya miaka miwili. PCAT, mtihani wa kuingia shule za famasia, ulifutwa mwaka 2024, kwa hiyo anayewauzia vitabu vya kujiandaa nao anawaibia.

Aliyeko Marekani tayari kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hahitaji kuanza upya: chuo chake huhamisha rekodi yake ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, mradi pengo kabla ya masomo mapya lisizidi miezi mitano. Aliyeko nje huonyesha fedha za mwaka wa kwanza ndipo shule impe fomu I-20 ya kuombea viza, kisha hulipa ada ya SEVIS ya dola 350 kabla ya usaili wa viza.

Swali moja husahaulika kabisa. PharmD ina saa zisizopungua 300 za mafunzo ya awali kazini na 1,440 za mwaka wa mwisho, na yapo majimbo yanayotaka namba ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) ya Marekani ili kumpa mwanafunzi leseni ya mafunzo hayo. Iulizeni shule, kwa maandishi na kabla ya kulipa amana, wanafunzi wake wa F-1 huipataje leseni hiyo.

Ni sisi wasomaji wenu,
Wafamasia na washauri wa udahili