Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Nianze na maonyesho ya nguo zetu tunazoshona kwa vitu vilivyotupwa, maana ndiko tulikoaibika.

Mnalikumbuka lile gauni la pakiti za krispi. Pakiti zilioshwa kwa sabuni, zikageuzwa upande wa fedha ukawa nje, zikachanwa vipande vyembamba na kusukwa kama ukindu. Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Jukwaani lilimeremeta, watu wakapiga picha hadi simu zikaisha chaji. Kisha mvaaji akakaribishwa kuketi meza ya wageni. Hakuweza kukunja kiuno. Alisimama saa mbili nzima, na alipojaribu kuegemea ukuta mshono wa ubavuni ukaachia. Binti wa watu alimaliza shughuli akiwa amejifunga kanga ya mama mmoja wa jikoni.

Baada ya siku ile kamati iliweka sharti: kila tunachoshona, mtu aweze kupanda nacho daladala, akae siti ya nyuma, ashuke kikiwa kizima, na kikifuliwa kivalike tena. Wapo wanaosema sharti hili linaua sanaa. Nimewasikia, sikubaliani nao. Makatambuga ya matairi wazee wetu waliyatembelea kwanza. Kusifiwa kwenye maonyesho kumekuja juzi tu.

Sharti limetufundisha mengi kwenye viroba. (Vya unga na sukari. Vile vya pombe vilivyopigwa marufuku Machi 2017 kuna mwanachama ameniulizia mara mbili, simtaji.) Koti letu la kwanza la kiroba liliharibika kwenye pasi. Kiroba ni plastiki ya polipropilini, huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu, na pasi iliyotegwa kwa nguo za pamba huvuka hapo. Fundi aligusisha mara moja, kola ikajikunja kama ukoko wa wali na pasi ikanata. Siku hizi mshono wa kiroba tunaulaza kwa mgongo wa kijiko. Kingo zinazofumuka tunazivika utepe wa vipande vya vitenge tunavyookota kwa mafundi wa Kariakoo, na ndani tunatia bitana la shuka kuukuu la pamba, la sivyo mvaaji ataloa jasho kabla ya kufika Buguruni.

Kanga zilizochakaa ndizo zilizotupatia wateja. Mji, ile sehemu ya katikati, ukifubaa, jina, yaani maandishi yake, mara nyingi bado linasomeka, basi tunakata majina na kuyapachika mgongoni mwa jaketi za jinzi za mtumba. Angalieni tu mnapokatia. Jaketi moja lilishonwa kwa kanga ya "Japo sipati tamaa sikati", neno la mwisho likamezwa na mshono wa kwapa. Mteja alizunguka Kariakoo siku nzima mgongoni ameandikwa "Japo sipati tamaa", hajui watu wanacheka nini. Tulimrekebishia bure. Na jinzi, tafadhali, sindano namba 16. Sindano za mashati zimevunjika nyingi mno mwaka huu.

Sasa la moto. Mwaka huu ulifunguliwa na habari za soko la Kantamanto, Accra, kuteketea. Pale nako kuna mafundi wanaogeuza mitumba kama sisi. Sisi tunaochagua nguo soko la Karume hatukuhitaji maelezo marefu, maana Januari 2022 tulikanyaga majivu ya soko letu wenyewe. Stoo yetu imejaa vitambaa hadi darini, na pasi inawaka humo humo. Ndiyo sababu kamati ilinunua mitungi miwili ya kuzimia moto kabla ya ile mashine ya ovaloki, ya kushona kingo zisifumuke, mliyoiomba. Najua mlinung'unika.

Stoo imejaa kwa sababu watu wametugeuza jaa. Wanashusha mafurushi mlangoni wakisema "nimewaletea msaada", ukifungua unakuta kiatu cha mguu mmoja, sidiria isiyo na mikanda, shuka lenye ukungu. Kuitupa mizigo hiyo tunalipa sisi. Napendekeza tupokee jinzi, kanga, mashati ya pamba na zipu nzima, basi. Atakayeleta kingine arudi nacho, hata akiwa shemeji yangu.

Mahesabu atayasoma mweka hazina. Mimi nataja deni moja: hoteli iliyochukua aproni zetu mwezi wa nne haijamaliza kulipa, na kila tukipiga simu meneja yuko kwenye kikao. Kuanzia sasa mzigo hautoki bila nusu ya malipo mkononi.

Leo tutapigia kura ovaloki na ada. Kuhusu gauni la krispi, kamati imeamua lifumuliwe liwe pochi. Wa kusaidia waje Jumamosi saa tatu asubuhi, kila mtu na wembe wake. Za chama zimebaki mbili, na moja ina kutu.